Kabla hujamkabidhi yaya mtoto, umemfundisha nini?



Ndugu msomaji, mwanzoni mwa msimu wa korosho uliopita nilikaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto pale Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, nikimsubiri jamaa yangu aliyekuwa anauguza. Akafika binti mmoja amembeba mtoto mgongoni kwa mbeleko, nyuma yake jirani aliyewaleta kwa baiskeli. Ukimkadiria, binti yule hazidi miaka 11. Mtoto alikuwa ameungua mkono kwa uji wa moto, na mkono wote, kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, umepakwa dawa ya meno mpaka ukawa mweupe.

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza muuguzi.

"Ameenda shamba, kuokota korosho."

"Na nani amekwambia umpake dawa ya meno?"

Binti akainamisha kichwa. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwona jirani akimpaka mwanawe."

Watu tuliokaa pale hatukukosa la kusema. Mmoja alisema huo ni uzembe. Mwingine akasema watoto wa siku hizi akili zao ziko kwenye kucheza. Mimi nilimtazama yule binti jinsi alivyokuwa akitetemeka, nikajiuliza swali moja: hivi nani alimfundisha kazi hii? Alifundishwa kusonga ugali, kufagia uwanja na kufua. Bila shaka na sura fupi za Qur'an anazihifadhi. Lakini siku aliyokabidhiwa roho ya mwenzie aliambiwa maneno mawili tu: "Kaa na mtoto." Kisha mama akabeba ndoo yake, akaenda zake.

Basi safu yetu ya leo ni juu ya jambo hilo. Nasema wazi kuwa makosa mengi tunayowatwisha mayaya ni ya kwetu sisi wazazi. Tunakabidhi amana kwa mtu ambaye hatukumwandaa kuipokea.

Mbona sisi tulilelewa hivyo hivyo?

Najua jibu litakalotolewa na wengi: "Mbona hata sisi tulilelewa na dada zetu, na tumekua?" Ni kweli, sisi tumekua. Lakini waliokufa hawapo hapa wakatoa ushahidi wao. Kila ukoo ukikaa chini ukahesabu, hautakosa mtoto aliyetumbukia kisimani, aliyekunywa mafuta ya taa, au aliyeungua akabaki na mkono uliokunjamana. Tunasema "ni kazi ya Mungu" tukafunga mjadala. Kadari ni ya Allah (s.w.), hilo hatulipingi. Lakini ni Mtume wetu (s.a.w.) aliyemwelekeza yule bedui amfunge kwanza ngamia wake, ndipo atawakali. Aliyeacha kisima wazi na kusema ni kadari hajamfunga ngamia wake.

Pili, malezi ya zamani hayakuwa ya binti mmoja peke yake. Palikuwa na bibi barazani, shangazi jikoni na mama mdogo nyumba ya pili. Dada alimbeba mtoto, lakini macho ya kumtazama yalikuwa mengi. Siku hizi nyumba nyingi za Masasi na Newala zina baba, mama na watoto tu. Msimu ukifika wakubwa wote wako mikoroshoni tangu alfajiri, na aliyebaki nyumbani ni mtoto anayemlea mtoto.

Kwetu huku binti huchezwa unyago na mvulana hupelekwa jandoni. Tuyaache kwa leo mabishano ya kisheria juu ya mila hizo. Ninachotaka kusema ni kwamba jamii yetu inajua kufundisha inapotaka. Inatenga siku, inachagua makungwi, inahakikisha mwali ametoka akijua alichofundishwa. Kama tunaweza kutumia siku nyingi kumfundisha binti namna ya kuishi na mume ambaye bado hajapatikana, tunashindwaje kutumia siku mbili kumfundisha namna ya kumlinda mdogo wake ambaye tayari yuko mgongoni?

Ulezi ni cheo

Yapo mazoea ya kuiona kazi ya yaya kuwa kazi ya mtu aliyekosa kazi. Huo si mtazamo wa Kiislamu. Mtume (s.a.w.) alilelewa utotoni na Bibi Halima katika kabila la Banu Saad. Mama yake, Bibi Amina, alipofariki njiani wakati yeye ana umri wa miaka 6, aliyekuwa naye na kumrudisha Makka ni Ummu Ayman, mtumishi wa nyumbani. Inapokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimhesabu kuwa mama baada ya mama yake, na alimheshimu hadi mwisho wa maisha yake. Sasa jiulize, yule binti aliyeko jikoni kwako, mwanao atakuja kumkumbuka kwa jina gani?

Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hilo ni fundisho mashuhuri la Mtume (s.a.w.). Baba ataulizwa, mama ataulizwa, na yaya naye ataulizwa. Lakini hatuwezi kumtaka yaya ajibu maswali ambayo hatukumfundisha majibu yake.

Nani anafaa kuachiwa mtoto?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Sheria hiyo imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyomdhuru afya wala kumkatisha masomo. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, haimruhusu mtoto kuifanya. Kwa hiyo anayemchukua binti wa miaka 10 kutoka kijijini kwenda kuwa yaya mjini, akalala na mtoto mchanga na kuamka naye usiku kucha, anavunja sheria ya nchi, hata kama anamwita "mdogo wangu".

Dada kumshika mdogo wake kwa saa moja wakati mama yuko uani si kosa, ni malezi. Kosa ni kumwachia kutwa nzima, peke yake, mtoto anayetambaa. Maoni yangu ni haya: mtoto wa chini ya miaka 12 asiachwe peke yake na mtoto mdogo hata kidogo. Aliyezidi hapo aachwe baada ya kufundishwa, kwa muda mfupi, na awepo mtu mzima wa karibu wa kumkimbilia. Na asikose shule kwa ajili hiyo. Tangu mwaka 2016 ada za shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne zilifutwa katika shule za serikali. Haifai ada ifutwe halafu binti azuiwe nyumbani kwa sababu ya korosho.

Yuko mama atakayeniambia: "Wewe unaandika tu. Mimi nina watoto wanne, mume hayupo, nisipookota korosho watakula nini?" Swali lake ni la haki. Jibu langu ni zamu. Akina mama watano wa mtaa mmoja wakikubaliana, kila siku mmoja wao abaki na watoto wa wote, wanne waende shamba, na kila mmoja atakuwa amepoteza siku moja tu katika siku tano. Wasichana wakitoka shule watamsaidia yule mama aliyebaki, wakijifunza kwake. Hakuna fedha inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni kuaminiana, na mlango wa kuaminiana ni msikiti na mtaa.

Sasa nije kwenye yale ambayo yaya yeyote, awe dada, bibi au mfanyakazi wa ndani, lazima ayajue kabla mama hajatoka mlangoni.

Maji

Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya asili. Watu wa Newala wanajua thamani ya ndoo moja. Kwa hiyo kila nyumba ina akiba: mitungi, mapipa, ndoo, na visima vya kukingia maji ya mvua uani. Akiba hiyo ni uhai, na pia ni hatari. Mtoto anayejifunza kutembea, akiinama kwenye ndoo, kichwa chake ni kizito kuliko miguu. Akitumbukia hawezi kujinyanyua. Maji ya kufika kiwiko yanatosha kumwua, na hapigi kelele. Anayezama huzama kimya kimya, kwa dakika chache tu.

Kwa hiyo kila chombo cha maji kiwe na mfuniko mzito, kisima kiwe na mlango unaofungwa, na ndoo ya kufulia imwagwe au iinuliwe mara kazi inapoisha. Yaya asimwache mtoto kwenye beseni la kuogea hata kwa kwenda kuchukua taulo. Kama taulo imesahaulika, amchukue mtoto waende naye.

Kufunika vyombo ni sunna, na faida yake ni zaidi ya moja. Ugonjwa wa chikungunya ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza mtu aliyekunjwa na maumivu ya viungo. Mbu wanaoueneza huzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Mfuniko mmoja, basi, unamzuia mtoto asizame na unamzuia mbu asizaliane.

Moto

Mafiga yetu yako chini, na mtoto anatambaa chini. Chora mstari kuzunguka jiko, mfundishe yaya kuwa mtoto asivuke mstari huo moto ukiwa unawaka. Mpini wa sufuria uelekee ndani. Uji na chai visiwekwe kwenye ukingo wa meza wala juu ya kitambaa kinachoning'inia. Yaya asipike huku amembeba mtoto. Kibatari kisiachwe kinawaka wakati watu wamelala. Hilo nalo Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kuzima taa na moto kabla ya kulala.

Watoto wetu pia wanapenda kubangua korosho wenyewe kwa moto uwanjani. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi na kutoa malengelenge, na linapochomwa mafuta hayo huruka, na moshi wake huwasha macho na kifua. Kazi hiyo haifai kufanywa na yaya akiwa na mtoto karibu. Wala mtoto asipewe korosho mbichi yenye ganda aichezee, kwani ataitia mdomoni.

Mtoto akiungua, la kwanza ni maji ya baridi ya kawaida, safi, yamiminwe polepole kwa kikombe juu ya pale palipoungua kwa dakika 20. Najua kwa mtu wa Newala dakika 20 za maji ni nyingi, lakini siku hiyo ndiyo akiba ya maji iliyowekewa. Vua nguo na bangili za sehemu hiyo kama hazijanata. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, mkinge mtoto asipate baridi sehemu nyingine za mwili, mpeleke hospitali. Dawa ya meno, yai, majivu, mafuta ya kupikia, vyote hivyo havitibu. Vinazuia joto lisitoke, vinaingiza uchafu kwenye kidonda, na vinamwongezea mtoto maumivu pale muuguzi anapolazimika kuviondoa.

Sumu

Ukiingia vyumba vingi utakuta mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, anajua chupa ya soda ina kitu kitamu. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, kwani yakirudi juu yanaingia kwenye mapafu na hapo ndipo yanapoua. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula. Mpeleke hospitali haraka, na chukua ile chupa ili mganga ajue alichokunywa.

Kuna na dawa za mikorosho. Unga wa salfa na dawa za maji tunazopulizia dhidi ya ubwiriunga hukaa chumbani tunamolala, au mifuko yake mitupu hugeuzwa kuwekea mahindi. Hayo ni makosa makubwa. Dawa zifungiwe mbali na chakula, zana zisioshwe karibu na kisima, na aliyetoka kupulizia aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Dawa ikiingia machoni mwa mtoto, yaoshwe kwa maji safi mengi, kisha aende hospitali.

Muhogo nao usisahaulike. Yaya lazima aonyeshwe upi ni mchungu na upi ni mtamu, na asimpe mtoto muhogo mbichi wa kuchimba mwenyewe njiani. Muhogo mchungu usioandaliwa sawasawa una sumu. Katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliripotiwa watu waliopooza miguu kwa ugonjwa wa konzo unaotokana na sumu hiyo, na hasa unawapata watoto na wanawake pale chakula kinapokuwa haba.

Kukabwa

Karanga, korosho nzima, mbegu za matunda, vifungo na sarafu visiwe mikononi mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Asilishwe akiwa anakimbia, anacheka au amelala chali, na asilazimishwe uji kwa kubanwa pua.

Kama amekabwa lakini anakohoa kwa nguvu na analia, mwache akohoe. Kama hakohoi, hatoi sauti na anabadilika rangi, hapo usisubiri. Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Ikishindikana, mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia hivyo hadi kitu kitoke. Aliyezidi mwaka mmoja mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake, mzungushie mikono, ubonyeze kwa ngumi juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Usichokoe koo kwa kidole ikiwa kitu hukioni, utakisukuma ndani zaidi. Wakati huo huo piga kelele watu waje, na akilegea akimbizwe hospitali bila kuacha kumsaidia.

Homa, degedege na kuharisha

Mkoa wa Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Yaya afundishwe kuwa homa ya mtoto haisubiri mama arudi jioni. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au haamki sawasawa, anayehema kwa shida, au aliyepata degedege, huyo apelekwe kituo cha afya saa ile ile.

Kwenye degedege ndipo tunapopoteza watoto wengi kwa ujinga wetu. Utasikia "mpelekeni kwanza kwa fundi", au mtoto anafukizwa moshi, au anatiwa kijiko mdomoni. Anayeshikwa na degedege alazwe ubavu mahali salama, viondolewe vitu vya kumwumiza, asitiwe chochote mdomoni, kisha apelekwe hospitali. Dua tumwombee njiani. Allah (s.w.) anasikia dua inayosomwa juu ya baiskeli kama anavyoisikia inayosomwa barazani.

Mtoto anayeharisha huisha maji mwilini upesi. Aendelee kunyonya na kula, apewe maji ya chumvichumvi, pakiti moja katika lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vipimo vikiwa sawasawa bila kuzidisha. Kituo cha afya kitampa na vidonge vya zinki. Macho yakibonyea, au kinyesi kikiwa na damu, asicheleweshwe.

Kinga ya hayo ni mikono. Sisi watu wa udhu hatuna udhuru katika hili. Yaya anawe kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni hakuna, baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika na kulisha. Uji uwekwe kwenye kikombe na kijiko, maana chupa za kunyonyea ni vigumu kuzisafisha mahali penye uhaba wa maji. Uji wa asubuhi usilishwe jioni.

Tena nawaonya: dawa za mafua zinazoleta usingizi hazipewi mtoto ili alale yaya apumzike. Wala mtoto anayelia asitikiswe kwa nguvu. Kutikisa mtoto mchanga huvujisha damu kwenye ubongo. Yaya akiona hasira imempanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje kidogo, anywe maji, kisha arudi.

Yaya naye ni mtoto wa watu

Ndugu zangu, mlinzi wa mwanao naye ana haki ya kulindwa. Binti wengi wa Masasi na Newala hupelekwa Dar es Salaam, Mtwara na Lindi kufanya kazi za ndani, na wazazi wao huridhika na ahadi ya mdomo. Umeuliza atalala wapi? Chumba chake kina komeo? Mshahara atapewa mkononi au ataambiwa "umekatwa kwa kuvunja sahani"? Ataruhusiwa kusali na kupiga simu nyumbani? Na wewe mwenye nyumba, unajua hukumu ya faragha ya mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake, mbona unamwacha binti huyo peke yake na kaka zako na wageni wako?

Mtoto naye asiachwe mikononi mwa kila mtu kwa kuwa "ni jirani" au "ni mjomba". Yaya aambiwe majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na asiyetajwa asimpe. Anayeona dalili za mtoto kudhulumiwa, iwe ni yaya au mtoto anayelelewa, kuna simu ya huduma kwa mtoto namba 116, isiyo na malipo.

Anas bin Malik alimtumikia Mtume (s.a.w.) tangu akiwa kijana mdogo, kwa muda wa miaka kama 10, na akatoa ushahidi kuwa katika miaka yote hiyo hakuguniwa hata mara moja, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hivi. Sisi sahani ikivunjika mtaa mzima unajua. Matokeo yake yaya anaficha. Mtoto ameanguka tangu saa 4 asubuhi, yaya anaogopa kupigwa, mama anaambiwa jioni mtoto "amelala tu leo". Ukali wetu unawanyamazisha mayaya, na ukimya huo unaua watoto.

Nini kifanyike?

Napendekeza mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, madrasa zetu zitenge Jumamosi mbili kila mwaka kabla msimu wa korosho haujaanza, zialike muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto au mhudumu wa afya wa kijiji. Wafundishwe wasichana na wavulana. Nasisitiza na wavulana, maana moto haumchagui mtoto kwa kuangalia aliyemlea ni wa kike au wa kiume. Mwanasesere wa kanga anatosha kufanyia mazoezi ya aliyekabwa. Kikombe na beseni vinatosha kufanyia mazoezi ya aliyeungua.

Pili, kila mzazi kabla ya kutoka amuulize yaya maswali matatu: Mtoto akiungua utafanya nini? Akikabwa utafanya nini? Akizidiwa utamkimbilia nani? Asiridhike na jibu la mdomo, amwambie aonyeshe kwa vitendo. Majina na namba za simu za mama, baba, jirani na bodaboda anayeaminika ziandikwe kwa chaki nyuma ya mlango. Na nauli ya dharura iachwe mahali yaya anapajua. Wengi huchelewa hospitali kwa kukosa nauli ndogo tu.

Tatu, akina baba tuache kuliona jambo hili ni la wanawake. Mfuniko wa kisima, komeo la mlango, sanduku la kufungia dawa za mikorosho, hizo ni kazi za mikono yetu. Zinamalizika kwa siku moja, kabla hatujaanza kuhesabu bei ya korosho.

Nirudi kwa yule binti wa Mkomaindo. Muuguzi yule, Allah amlipe kheri, hakumgombeza. Alipomaliza kumhudumia mtoto alimwita pembeni, akachukua kikombe na beseni, akamwonyesha namna ya kummiminia maji mtoto aliyeungua. Haikupita muda mrefu. Binti alitazama, akarudia mwenyewe mara mbili, kisha akauliza: "Kumbe ni maji tu?"

Ndiyo mwanangu, ni maji tu. Aibu ni yetu sisi wakubwa, tuliokuacha hadi miaka 11 bila kukwambia.

Wabillahi tawfiq. Tukutane toleo lijalo, Inshaallah.